Barua Ishirini na Tatu Ndani ya Robota la Taiti

Niseme mwenyewe kabla hajanisemea mtu: mimi ndiye niliyeshindilia barua ishirini na tatu za wanafunzi ndani ya robota la taiti za kina mama, nikalikalia robota lile mpaka likashuka, nikalishona mdomo, kisha nikawafungulia mlango wapagazi wakalibeba kwenda ghala la Huangpu, huko Guangzhou, China, kungoja kontena la Dar es Salaam. Sikuwa nimelewa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na maharage jikoni yanayotaka kushika chini ya sufuria, na katika mizani ya akili yangu ya mwaka ule, maharage yalikuwa mazito kuliko masomo ya watu ishirini na watatu. Ninaiandika habari hii kwa sababu wiki iliyopita Dada Mei, wakala wetu wa mizigo, alifunga ghala lake kwa mara ya mwisho akatuita wateja wake wa zamani kwenye chakula cha mchana cha kuagana. Tulijaza meza mbili, watu wa Kariakoo, wa Arusha na wa Unguja, na kabla supu haijafika alisimama akawasimulia wote kisa changu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho ni kizuri kuliko cha wengi wetu. Alisema nililia. Sikulia. Ilikuwa mvua. Kwa hiyo naona heri niandike mwenyewe, ili uongo utakaokuwemo uwe wangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na kazi yangu Guangzhou ilikuwa kukaa ndani. Wenzangu walikuja China kutafuta maisha. Mimi nililetwa na dada yangu Veronika nimpikie, nimpokelee mizigo na kumfungia. Dada Vero alitoka alfajiri kuwahi nguo za jumla kule soko la Shahe, akarudi mchana na mifuko myeusi mikubwa kuliko yeye, akinikuta nimeshasonga ugali na kukaanga majani fulani ya Kichina ambayo mpaka leo naamini ni binamu wa sukuma wiki. Tulikaa ghorofa ya tisa, pande za Xiaobei. Sebule nusu yake ilikuwa marobota. Kulikuwa na meza moja ya kukunja, jiko ambalo ukitaka kufungua friji lazima kwanza ufunge mlango, na dirisha la nondo lililotazamana na dirisha jingine la nondo. Mwezi wa tatu kuta zilitoka jasho. Sisemi kwa mafumbo. Ulipitisha kidole ukutani ukaandika jina lako, na soksi ulizoanika Jumatatu ulizivaa mbichi Ijumaa. Nilikipenda chumba kile kama kobe anavyopenda gamba. Wafanyabiashara waliokuja kula kwetu waliniita Kufuli, maana kila walipofika walinikuta mlangoni, na kila walipoondoka waliniacha hapo hapo.

"Kufuli, leo umefika wapi?"

"Nimefika kwenye lifti."

"Ukaingia?"

"Niliitazama tu. Ilikuwa imejaa."

Walicheka mpaka wakapaliwa na mchuzi. Nami nilicheka, kwa kuwa anayekucheka huku chakula chako kikiwa mdomoni mwake huwezi kumkasirikia. Sasa ninaposogelea arobaini naelewa kwamba sikuwa mpole kama nilivyojidhania. Niliogopa. Niliwajua wanaouza, wanaonunua, wanaopiga kelele za bei, na sikujua mimi nitawaambia nini. Ndani ya chumba kile nilijua kila kitu kilipo.

Sasa mtu wa namna hiyo, aliyeishia kidato cha nne, ambaye katika somo la Kilimo alipata alama iliyoandikwa na mwalimu kwa penseli, kwa aibu. Mtu aliyeotesha mchicha dirishani ukafa, akaotesha kitunguu, ambacho huchipua hata kikisahauliwa kabatini, nacho kikafa. Mtu huyo ndiye aliyepigiwa simu na Mwalimu Petro. Petro tulisoma naye, na alikuwa akifundisha katika chuo kidogo cha kilimo na mifugo kwetu Manyara. Chuo kilikuwa na wanafunzi ishirini na watatu wa jamii za asili, Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi na Wabarbaigi, na mfadhili aliyewalipia mwaka wa kwanza alikuwa amejitoa. Kulikuwa na mfuko unaotoa ruzuku za elimu ya kilimo kwa vyuo vinavyosomesha vijana wa jamii kama hizo, na ofisi ya kupokea maombi ilikuwa Guangzhou. Fomu ilitakiwa ipelekwe kwa mkono, pamoja na barua ya kila mwanafunzi, barua yenyewe na si nakala, yenye saini au dole gumba lake. Ruzuku isipopatikana, ikifika mwezi wa saba wale vijana wangerudishwa makwao na kozi yao ingefutwa.

"Wewe si uko huko huko?" aliniuliza Petro.

"Petro, Guangzhou ni kubwa."

"Hiyo ofisi iko mbali na kwenu?"

"Sijui. Sijatoka."

"Miezi mitano hujatoka?"

"Miezi mitano ni michache," nikamwambia. "Bado naizoea ngazi."

Fomu niliijaza mezani, kamusi upande mmoja, kisu cha vitunguu upande wa pili. Najua sasa kwamba niliijaza vibaya, lakini siku zile nilijiona waziri. Nilikumbuka hotuba za wakuu wa wilaya waliokuwa wakija shuleni kwetu, nikazichota zote. Niliandika kwamba vijana hawa wanatoka katika maisha duni ya porini na chuo kitawabadilisha wawe wakulima wa kisasa. Niliandika "kuwakwamua" mara nne. Kwenye vifaa nikaomba trekta ndogo za kusukuma kwa mkono, tano, kwa sababu Petro alisema wafadhili hupenda kitu kinachonguruma wakipigwa nacho picha. Nilipomsomea Dada Vero, alisikiliza huku akihesabu zipu. "Nzuri," alisema. "Inanilaza usingizi kama ya serikali kabisa."

Barua zililetwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Babati, ndani ya sanduku lake, katikati ya pakiti za dagaa. Bahasha ya kaki ilinuka ziwa zima. Nilizihesabu nikaona zimetimia, nikairudishia bahasha mdomo wake. Sikusoma hata moja. Meza ilikuwa na unga, kwa hiyo nikaiweka bahasha juu ya rundo la taiti. Jumatatu wapagazi wakaja saa mbili kabla ya muda wao, wanagonga mlango, "Kuai, kuai!", yaani haraka, na jikoni maharage yakaanza kutoa ile harufu yake ya onyo. Nilikumbatia rundo lote nikalizamisha ndani ya robota.

Jumanne asubuhi nilipoitafuta bahasha, nilianza kwa kuitafuta kwenye friji. Mtu hujua ukweli mapema, ila miguu humpeleka kwanza pale ambapo ukweli haupo. Nilimpigia Dada Vero, yuko Shahe, nyuma yake watu wanagombea bei.

"Dada, nimezipakia."

"Umepakia nini?"

"Barua."

"Kwenye nini?"

"Kwenye taiti."

Alisogea pembeni ya kelele za Shahe. Kisha akasema taratibu, "Kontena linafungwa leo saa nane. Ofisi yako inafunga maombi kesho saa kumi. Daudi, vaa viatu."

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Bi Salma, mama wa Unguja aliyekuwa mwalimu miaka mingi kabla hajaingia kwenye biashara ya vyombo. Aliniona koridoni, nimevaa viatu, akashika mlango kwa mikono miwili. "Yarabi! Kuna moto?" Nikamweleza. Aliniandikia jina la ghala kwa Kichina kwenye karatasi, akanipa na mwavuli, akanisukuma ndani ya lifti kwa kiganja mgongoni, kama mtu anavyomtia mbuzi zizini.

Nilibadilisha treni mahali nisipopajua, nikapanda basi nililoonyeshwa na mlinzi aliyesoma karatasi yangu, na nilifika ghalani Huangpu saa nne na nusu, shati limenishika. Dada Mei alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kalamu ya wino mzito nyuma ya sikio. Tulikuwa tumezungumza kwenye simu mara nyingi sana, hatujawahi kuonana.

"Kufuli!" alisema nilipojitaja. "Kumbe una miguu?"

"Dada Mei, naomba kufungua robota moja la Dada Vero."

"Lipi?"

"Sijui."

"Mei you," alisema. Neno hilo hata mimi wa ndani nililijua. Madukani maana yake hakuna, na ukiambiwa mara mbili maana yake ondoka. "Mzigo umeshapimwa, umeshaandikwa. Marobota ya Vero hapa mia na arobaini, alama moja yote. Utafungua yote?"

"Ndani kuna barua za wanafunzi ishirini na watatu. Zikiondoka, masomo yao yamekwisha."

"Nani aliweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Maharage."

Alinitazama kama mtu anayekagua mzigo uliochanika. Nilimpigia Dada Vero nikampa Mei simu, Vero akamwambia alichomwambia, na Mei akairudisha akitikisa kichwa. "Sikia masharti. Fungua moja, shona, ndiyo ufungue lingine. Saa nane kamili naita forklifti ipakie. Ukiniachia moja wazi, nakupakia wewe."

Hapo ndipo ushamba wangu uliponiokoa. Mzigo wa watu wote, hata marobota mengi ya Dada Vero yaliyofungwa sokoni, ulifungwa kwa utepe wa gundi, zungusha zungusha, basi. Mimi kwetu nilikulia kwenye msimu wa mahindi, na gunia la mahindi hufungwa kwa shazia, ile sindano kubwa, na kamba, mdomo umekunjwa mara mbili, na pembeni huachwa masikio mawili ya kushikia. Dada Vero alikuwa amenisema wee mpaka akachoka: "Hapa si ghala la mazao!" Lakini nilikuwa sijui kufunga vingine. Katika marobota yale mia na arobaini, niliona jozi kumi na moja za masikio zimejitokeza kwenye rundo, kama sungura kwenye nyasi. Nilifungua la kwanza. Taiti. Nikashona. La pili, taiti. La tano Mei alisimama kuniangalia, akasema, "Mshono mzuri. Mbona hujawahi kuja kunishonea?" La nane nilikuwa na malengelenge. La tisa lilinuka dagaa kabla sijamaliza kukata kamba, na sijawahi kupenda harufu ya samaki mkavu namna ile. Ilikuwa saa saba na robo.

Nilikuwa nimemaliza kulishona la tisa mvua ilipoanguka, mvua ya Guangzhou, ambayo hainyeshi bali inamwagwa. Hakuna basi, hakuna pikipiki. Mei alinipa sanduku la wali na mayai ya kukaanga na nyanya, akakaa kwenye robota moja, nami lingine, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, na kwa kuwa hapakuwa na jiko la kukimbilia, nikafungua bahasha. Kwa mara ya kwanza nikasoma.

Barua ya juu ilikuwa ya msichana Mhadzabe, Magdalena, herufi kubwa zilizosimama wima. "Sikuja chuoni kuacha kuwa Mhadzabe," aliandika. "Babu yangu anajua kila mti wenye asali. Sasa miti inakatwa na watu wanaotafuta mashamba, na babu aliletewa karatasi ya mpaka akaambiwa aweke dole, na hajui imesema nini. Nataka nijifunze nyuki wa mzinga, ili asali iwepo hata mti ukikatwa. Na nataka nijifunze kupima ardhi, ili karatasi ikija tena niisome mimi." Ya pili ilikuwa ya kijana Mbarbaigi, Gidamis. "Ng'ombe wa baba watatu wamekufa kwa ugonjwa wa ndigana. Muuza dawa anatuuzia maji. Sisi tunaijua dawa kwa rangi ya chupa tu. Nataka niijue kwa jina lake na kipimo chake." Nilisoma zote. Hakuna aliyeomba trekta. Hakuna aliyesema maisha yake ni duni. Mmoja aliomba tu kwamba ruzuku ikitoka, wapishi wa chuo wakumbushwe kuna mboga nyingine duniani zaidi ya maharage. Mei akaniuliza wameandika nini. Nikamsomea ile ya babu na karatasi. Aliacha kutafuna. "Kijijini kwa mama yangu ilikuja karatasi kama hiyo," alisema, akatazama mvua. Kama nilipangusa macho wakati ule, paa lilikuwa linavuja.

Nilikuwa nimewaombea watu kitu wasichokitaka, kwa maneno ambayo wangeyasikia wangenitema. Na kama maharage yale yasingetaka kuungua, ningeipeleka fomu ile ilivyo, nikajipongeza. Nimeishi na wazo hilo miaka yote hii na bado linanichekesha na kunitia baridi kwa pamoja.

Nilimpigia Petro palepale, juu ya robota.

"Petro, hizi barua umezisoma?"

"Nilizikusanya," alisema.

"Na mimi nilizipakia. Basi tuko sawa. Sikiliza."

Nikamsomea. Alijaribu kubisha kidogo: wafadhili, picha, vitu vinavyonguruma. Nilipomaliza ya Gidamis akasema kwa sauti ya chini, "Ondoa trekta."

Jioni ile Bi Salma alikaa mezani kwetu na miwani yake, akasoma fomu yangu ya kwanza mpaka mwisho, akaishika kwa ncha za vidole. "Mwanangu, hii umeandika wewe au bwana shamba wa mkoloni?" Tukaanza upya. Asubuhi ya Jumatano tulikuwa bado tunabishana juu ya mkato mmoja, Dada Vero hakwenda Shahe, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chumba kile, mchana ulifika hakuna aliyepika. Tuliomba mizinga. Tuliomba mafunzo ya dawa za mifugo, na mwalimu wa kupima ardhi. Kila ombi tuliandika chini yake jina la aliyelisema, na barua zote tukazitafsiri kwa Kiingereza.

Saa tisa nilikuwa ofisini, Tianhe, peke yangu. Mpokeaji alikuwa mama mmoja, Bi Lin, aliyefungua bahasha, akanusa, akanitazama.

"Samaki?"

"Dagaa," nilisema. "Barua zimesafiri nao."

Akapekua fomu, kisha akauliza swali ambalo Jumatatu ningelijibu kijinga: "Wahadzabe si wawindaji? Wanataka nini kwenye chuo cha kilimo?" Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kwamba mimi si wa kujibu swali hilo, ila aliyejibu yuko ukurasa wa juu. Akasoma tafsiri ya barua ya Magdalena. Akairudia. Akachukua kalamu akaandika pembeni mistari mingi ambayo sikuweza kuisoma, na nilitoka pale nikatembea barabarani muda mrefu bila kujua ninaelekea wapi, na sikuogopa.

Jibu lilikuja mwezi wa sita. Wote ishirini na watatu, mpaka wamalize. Mizinga, dawa, upimaji, kila kitu tulichoomba. Petro aliweka simu kwenye spika huko chuoni, sisi tukaweka yetu juu ya meza kati ya masufuria, na sebule ile ya marobota ikapokea vigelegele vya Manyara mpaka wa dirisha la ng'ambo wakachungulia kwenye nondo zao. Nilipika pilau ya watu arobaini. Mei alikuja kutoka Huangpu na tikiti maji begani. Gidamis alipopewa simu alishukuru kwa heshima zote, kisha akauliza kama suala la mboga limetajwa. Dada Vero alinishika shingo mbele ya watu akasema huyu ni mdogo wangu, na Wakariakoo wakagonga sahani kwa vijiko. Nimewahi kufurahi tangu hapo, nimeoa, nimefungua mgahawa wangu mdogo jengo lile lile, lakini furaha ya siku ile ilikuwa na ukubwa wa pekee: ilikuwa ya watu wengi, na mimi nilikuwemo.

Mwaka juzi Magdalena alikuja Guangzhou. Sasa ni mkufunzi wa ufugaji nyuki, na alialikwa kueleza habari za wale nyuki wadogo wasiouma ambao kwao wanajulikana na kila mtoto. Karatasi ya mpaka aliisoma mwenyewe, mbele ya mkutano wa kijiji, na mpaka ukarudishwa ulipokuwa. Siku ya mwisho alikuja kula kwangu. Nilimwekea kuku, nikaanza kumsimulia jinsi nilivyozipigania barua zao, nikiongeza marobota kidogo, nikinyoosha mikono kuonyesha mvua. Bi Salma alikuwa kwenye kiti chake cha kila siku, anamenya chungwa. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye forklifti, akaweka kisu chini, akasema: "Daudi, hebu nyamaza kidogo. Binti wa watu katoka Eyasi, kapanda ndege tatu kuja kuwafundisha maprofesa habari za nyuki, na wewe uko hapa miaka yote hii hata mto wa mji huu hujauvuka. Sasa niambie, nani hasa aliyekuwa wa kuombewa ruzuku ya elimu?"